Habari za Nicodemus, Mji Mdogo wa Marekani

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa walimu na wazee)



Mmenipa heshima kuniambia nizungumze habari za nchi ya Marekani. Nchi ile ni kubwa mno, na sifa zake zimekwisha kuenea kila mahali: majumba marefu, magari yasiyo na hesabu, na utajiri. Lakini mtu akisimulia New York na Chicago tu, amefanya kama mgeni aliyekuja nyumbani kwako akausifu mlango, kisha akaenda zake asiingie ndani. Kwa hiyo mimi leo nimechagua mji mdogo kabisa, ambao katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 haukufikisha hata watu ishirini. Jina lake ni Nicodemus, nao uko katika Wilaya ya Graham, upande wa kaskazini magharibi wa Jimbo la Kansas.

Msicheke. Najua yuko mzee hapa ambaye boma lake peke yake lina watu zaidi ya hao. Nisikilizeni kwanza, maana mji huo ulijengwa na watu weusi waliokuwa watumwa, na miji yote waliyoijenga watu wa namna hiyo magharibi ya mto Mississippi katika miaka ile baada ya vita, huu ndio mkongwe uliobaki mpaka leo.

Utumwa ulikomeshwa Marekani katika mwaka wa 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Watu kadiri ya milioni nne wakawa waungwana, lakini uungwana bila ardhi ni kitu chembamba. Wengi walikaa katika mashamba yale yale ya mabwana wao wa zamani, wakalima kwa kugawana mavuno, na kila mwaka wakamaliza kazi wakiwa na deni. Kwa muda wa miaka kumi na kitu askari wa Serikali Kuu walikaa Kusini kuwalinda. Katika mwaka wa 1877 ulinzi huo uliondolewa, na mambo ya Kusini yakarudi mikononi mwa mabwana wa zamani. Mwaka huo huo ndio ulioanza mji wa Nicodemus. Wala haikuwa bahati tu kwamba miaka hiyo miwili ni mmoja.

Ilikuwapo sheria iliyotungwa mwaka wa 1862, iliyosema kwamba mtu akikaa juu ya kipande cha ardhi ya Serikali, ekari 160, akakilima na kukijengea kwa miaka mitano, kipande hicho kitakuwa mali yake. Malipo yalikuwa ada ndogo ya kuandikisha. Hapo Mzungu mmoja aliyetoka Indiana, jina lake W. R. Hill, mwenye biashara ya viwanja, alishirikiana na mchungaji mweusi W. H. Smith na wenzao wachache, wakafanya kampani ya kuanzisha mji katika Kansas. Katibu wao alikuwa mchungaji Simon Roundtree. Huyu Roundtree alizaliwa mtumwa, na inasimuliwa kwamba alikuwa na alama ya chuma cha moto shavuni, aliyopigwa kwa sababu mtoto wa bwana wake alimfundisha kusoma. Ninyi walimu mnaolalamika kwamba watoto hawapendi kitabu, kumbukeni shavu lile.

Kampani ilichapa matangazo, ikayaeneza katika makanisa ya watu weusi huko Kentucky. Matangazo yalisifu udongo mweusi wenye rutuba, maji, na miti. Yakasema mji unajengwa, watu waje upesi. Jina la Nicodemus lilitiwa humo. Wengine husema ni Nikodemo yule wa Injili aliyemwendea Yesu usiku. Wengine, nao ndio wengi, husema ni mtumwa wa hadithi aliyeletwa kwa merikebu kisha akajikomboa kwa fedha yake mwenyewe.

Basi katika mwezi wa Septemba 1877 watu kama mia tatu walipanda gari la moshi kutoka pande za Lexington katika Kentucky. Walishuka stesheni ya Ellis, katika Kansas, mahali ambapo reli ilikuwa karibu kuliko penginepo pote. Kutoka hapo mpaka Nicodemus ilikuwa safari ya maili 35 hivi, nao wakaenenda muda wa siku mbili, wengi kwa miguu, wakichukua mizigo na watoto. Nchi yote ilikuwa nyasi tupu. Hapakuwa na mti ila ukingoni mwa mto Solomon, wala kilima cha kumwonyesha mtu njia.

Nao walipofika walikuta nini? Hawakukuta mji. Waliotangulia walikuwa wachache, nao walikuwa wakikaa chini ya ardhi.

Yuko mama mmoja, Willianna Hickman, mke wa mchungaji Daniel Hickman, aliyefika na kundi lingine katika mwaka wa 1878, naye alisimulia mambo hayo katika uzee wake. Alisema kwamba wanaume walianza kupaza sauti kwa furaha wakionyesha mji kwa kidole, na yeye akatazama kwa nguvu zake zote asiuone. Akamwuliza mumewe, mji uko wapi? Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini: pale penye moshi ndipo penye watu. Mama yule akalia machozi.

Sasa niwaeleze nyumba zile, maana mtu wa kwetu ajuaye kujenga kwa fito na udongo atastaajabu. Ukienda mahali penye mteremko kidogo, unachimba ubavuni mwa ardhi shimo la kadiri ya chumba kimoja. Mbele unaacha mlango, na pengine dirisha. Juu unalaza matawi na nyasi, ukifunika kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya majani, kama matofali. Moto huwashwa ndani, na moshi hutoka kwa tundu. Wakati wa baridi pana joto, ndiyo kweli. Lakini mvua ikinyesha juu siku moja, ndani hunyesha siku mbili, na nyoka naye huipenda nyumba ile kama mwenyewe. Kuni hazikuwapo, hivyo watu waliwasha mavi makavu ya nyati, na mabua ya alizeti. Hata mifupa ya nyati, waliouawa na wawindaji kwa maelfu, waliiokota wakaiuza.

Watu walikasirika sana. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walimtafuta Hill wamnyonge, naye akajificha. Familia nyingi, karibu sitini katika zile za kwanza, zilirudi zilikotoka, au zilikwenda miji ya mashariki ya Kansas kutafuta kazi. Mimi siwalaumu waliorudi. Walikuwa wameambiwa mji, wakapewa mashimo. Na hapa niseme wazi neno langu: tangazo lile lilikuwa la uongo kwa sehemu kubwa, na aliyelitia saini alipata faida, lakini ardhi ilikuwa kweli, na sheria ya ekari 160 ilikuwa kweli, na waliobaki waliutenga ukweli na uongo kama mtu apepetaye mtama, wakashika ule uliokuwa punje.

Katika mwezi wa Oktoba 1877, ndani ya shimo mojawapo, bibi Emma Williams alizaa mtoto mwanamume, akaitwa Henry. Ndiye mtoto wa kwanza aliyezaliwa katika mji ule. Kisha ikaja baridi kali. Chakula kilipokwisha, wajumbe walitumwa kwenye miji mingine kuomba msaada wa vyakula na nguo. Tena mpaka leo wazee wa Nicodemus husimulia kwamba kundi la watu wa kabila la Osage, wenyeji wa asili wa nchi ile, walipita wakitoka kuwinda, wakawagawia nyama. Osage wenyewe walikuwa wamekwisha kuondolewa Kansas na kuhamishiwa kusini. Watu waliotolewa katika ardhi wakawalisha watu waliokuja kupewa ardhi. Sijui mtu aseme nini juu ya jambo hilo.

Mwaka uliofuata walilima. Farasi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na plau vivyo hivyo. Wengi walilima kwa jembe la mkono katika ardhi ambayo tangu iumbwe haijapata kuguswa na chuma, yenye mizizi iliyoshikana kama mkeka. Mtu mwenye ekari 160 alilima ekari chache tu. Wanaume wengine walikwenda mbali kufanya kazi katika reli, au kwa wakulima Wazungu, na wake zao wakabaki kulinda kipande, maana sheria ilitaka mtu akae juu ya ardhi yake. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani hasa walioshika mji ule katika miaka ya kwanza, nitakujibu ni wanawake.

Mmoja wao alikuwa bibi Jenny Fletcher. Mumewe, Zachary Fletcher, alikuwa mkuu wa posta wa kwanza, akafungua duka na hoteli. Bibi alianza kufundisha watoto ndani ya nyumba yao ya shimo, bila madawati, kwa vitabu vichache. Katika mwaka wa 1879 shule hiyo ikaandikwa na Serikali kuwa Shule ya Mtaa Namba 1, yaani ndiyo shule ya kwanza ya Serikali katika Wilaya ya Graham nzima, kwa weusi na weupe. Namba ile ya kwanza watu wa Nicodemus waliiringia sana, na kwa haki.

Hapana budi niseme pia habari za karani mmoja, maana ni mwenzangu wa kazi. Edward McCabe alizaliwa Troy, katika Jimbo la New York, mwaka wa 1850, akafanya ukarani New York na Chicago kabla ya kuja Nicodemus mwaka wa 1878. Alipofika, watu walihitaji mtu wa kupima viwanja na kuandika hati. Wilaya ilipowekwa rasmi katika mwaka wa 1880, Gavana wa Kansas alimchagua kuwa karani wake wa kwanza. Miaka miwili baadaye, katika mwaka wa 1882, watu wa jimbo zima, ambao wengi wao walikuwa Wazungu, walimpigia kura akawa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Jimbo, akarudishwa tena mwaka wa 1884. Kalamu, mabwana, si kitu kidogo. Baadaye alikwenda Oklahoma, akawa mmoja wa walioanzisha mji mwingine wa watu weusi, uitwao Langston.

Kufika mwaka wa 1886 watu walikuwa wametoka katika mashimo. Palikuwa na nyumba za mawe ya chokaa na za udongo, makanisa, maduka, hoteli, na shule. Palikuwa na gazeti moja, na mwaka uliofuata yakawa mawili. Wazungu nao walikuja kufungua maduka na benki, wakakaa pamoja na weusi. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, nacho ni reli.

Mtu akaaye karibu na njia ya reli hana haja ya kuelezwa maana yake. Ngano ya mkulima asiye na reli sharti ichukuliwe kwa gari la farasi siku nzima au mbili, na faida yote huliwa njiani. Duka nalo hupata bidhaa kwa bei ghali. Kampani kadha wa kadha zilikuwa zikipima njia katika pande zile, na kila mji ulizibembeleza zipite kwake. Katika mwezi wa Machi 1887 watu wa tarafa ya Nicodemus walipiga kura, wakakubali kuipa kampani ya Missouri Pacific dola 16,000 kwa hati za deni, yaani wakope fedha na kuilipa baadaye kwa kodi za mashamba yao, mradi reli ipite mjini. Kumbukeni ni watu gani hao. Miaka kumi kabla yake walikuwa wakiwasha mavi ya nyati. Sasa waliweka rehani jasho la watoto wao ili gari la moshi lipige filimbi mbele ya milango yao.

Wapimaji walikuja, wakapima, wakaenda. Missouri Pacific haikujenga. Kampani ya pili, Union Pacific, ilijenga, lakini ilipitisha njia yake upande wa kusini wa mto Solomon, maili chache tu kutoka Nicodemus, na katika mwaka wa 1888 pakatokea kambi ya reli ambayo iligeuka kuwa mji wa Bogue.

Wenye maduka hawakungoja. Wengine walibomoa nyumba, wengine walizipandisha nzima juu ya magogo na magurudumu wakazikokota kwa farasi kuvuka mto. Jambo hilo la kuhamisha nyumba nzima linawezekana kule, maana nyingi ni za mbao. Hebu wazeni mnatazama barabara ya mji wenu, leo duka liko, kesho pamebaki mawe ya msingi. Magazeti yaliwasihi watu wasikate tamaa, kisha la mwisho likafungwa katika mwaka ule ule. Hill naye alikuwa amekwisha kuanzisha mji wa pili wenye jina lake mwenyewe, Hill City, upande wa magharibi, nao ndio uliokuwa makao makuu ya wilaya.

Mji mwingine wo wote ungekufa pale. Katika nchi zile kavu za magharibi ya Marekani miji iliyokosa reli ilikufa mingi, na mahali pengi hapajulikani sasa. Lakini Nicodemus ilikuwa na jambo lake: wenye maduka ndio waliokwenda, wenye mashamba wakabaki. Hati za ekari 160 zilikuwa zimekwisha kutoka kwa majina yao, na hati haikokotwi kwa farasi kuvuka mto. Wakaishi kama watu wa kijiji cha wakulima, wakipanda ngano, wakienda Bogue kuuza, wakirudi Nicodemus kusali. Katika mwaka wa 1907 walijenga kanisa jipya la Kibaptisti la mawe. Katika mwaka wa 1918 wakajenga shule mpya.

Miaka ya 1930 na kitu ilikuwa mibaya. Mvua ilikataa, upepo ukainua udongo wa mashamba uliolimwa ukawa wingu jeusi, na bei ya ngano ilianguka ulimwenguni kote. Vijana walikwenda Denver, Topeka, Kansas City, na California, na wengi hawakurudi kukaa. Katika shida hiyo Serikali ilitoa kazi za mshahara kwa watu wasio na kazi, na kwa mpango huo ukumbi wa tarafa ulijengwa kwa mawe ya chokaa, ukamalizika mwaka wa 1939. Ungali umesimama. Posta ilifungwa mwaka wa 1953, na shule, ile yenye Namba 1, ilifungwa mwaka wa 1960.

Posta ikifungwa watu husema mji umekwisha. Shule ikifungwa hawasemi tena, maana hakuna wa kuambiwa. Walakini katika mwaka wa 1996 Baraza la Marekani lilipitisha sheria kwamba majengo matano ya Nicodemus yalindwe na Serikali Kuu kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa: makanisa mawili, hoteli ya Fletcher, shule na ukumbi. Jambo hilo halikuanzwa na Serikali. Lilianzwa na wazawa wa mji wenyewe, hasa wanawake, waliokusanya picha, barua, na masimulizi ya bibi zao kwa miaka mingi, wakabisha hodi ofisini mpaka wakafunguliwa.

Mtaniuliza, hao wachache waliobaki ni watu gani? Wengi ni wazee. Wako waliozaliwa pale, wakafanya kazi mijini miaka thelathini au arobaini, kisha wakarudi kustaafu. Wako wakulima wachache ambao baba wa babu zao walichimba shimo mwaka wa 1877. Miaka kama ishirini iliyopita wakulima weusi wa pande zile walijaribu kupanda tefu, ile nafaka ndogo ya Habeshi, kwa kuwa yavumilia ukame. Mtoto wao mashuhuri kupita wote ni Veryl Switzer, aliyezaliwa mwaka wa 1932 katika shamba la Nicodemus. Alicheza mpira wa Kimarekani katika chuo cha Jimbo la Kansas, na mwaka wa 1954 timu kubwa ya Green Bay Packers ilimchagua miongoni mwa wanne wa kwanza wa nchi nzima. Baadaye alifanya kazi katika chuo chake cha zamani miaka mingi, wala hakuusahau mji wa baba zake. Alifariki mwaka wa 2022.

Na Bogue, mji ule ulioinyang'anya Nicodemus maduka yake? Upo, lakini leo watu wake hawafiki mia mbili.

Nimebakiza jambo moja. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa Julai, watu wa Nicodemus hufanya sikukuu ya uhuru. Zamani ilifanywa tarehe 1 Agosti, ambayo ni siku walipoachwa huru watumwa wa visiwa vya Waingereza vya West Indies, mwaka wa 1834. Mtu aweza kustaajabu: Wamarekani washerehekee uhuru wa watu wengine? Sababu ni kwamba watu weusi wa Marekani walianza kuitunza siku hiyo walipokuwa wenyewe bado utumwani, kama mtu anayesherehekea arusi ya jirani akingoja yake. Na yao ilipokuja, hawakuiacha ile ya kwanza.

Siku hizo mji ule wa watu wasiofika ishirini huwa na mamia. Magari hutoka California, Texas, Colorado, na kila upande. Nyama huchomwa, watoto huandamana barabarani, wazee hukaa kivulini wakiulizana wewe ni wa nani, wa akina Switzer, au wa akina Williams? Mtoto aliyezaliwa mji mkubwa, ambaye hajaona shamba la ngano, huchukuliwa kwa mkono na bibi yake mpaka mahali penye bonde dogo katika nyasi, akaambiwa, hapa ndipo ilipokuwa nyumba yetu. Mtoto hutazama haoni kitu, kama mama Hickman siku ile. Jumapili husali pamoja, na baada ya chakula cha mchana magari huanza kuondoka moja moja, mengine kwa njia ya magharibi, mengine kwa njia ya mashariki, na jioni wenyeji hutoka kukusanya viti na kuvirudisha ndani ya ukumbi.